Debe Shinda

Si tupu kama udi wa mjomba Shebwana,
si zima kama ubao wa kukatia nyama:
katikati lina gogo, toka shingoni hadi mkiani,
ubavu wa kushoto hewa, ubavu wa kulia hewa.
Nusu chombo, nusu chumba.

Nililinunua Mwembe Tayari kwa muuza redio kuukuu,
elfu kumi na nne, na feni yangu juu yake.
Februari nzima nikalala bila feni,
nikijiambia: hewa ninayo,
imo ndani ya gitaa.

Mama alilisikia mara moja tu, akaita kutoka jikoni:
"Debe shinda haliachi kutika!"
Alikusudia kunikomesha.
Hakujua amenipa jina la bendi.

Mazoezi ni Changamwe, nyuma ya gereji ya malori,
Jumapili, mafundi wakiwa makwao.
Mkambe kwenye ngoma. Lozi kwenye besi.
Mwakio na gitaa lake jekundu la mti mtupu,
analiamuru, linatii.

Langu halitii.
Nikiongeza sauti kidogo linasikia lilichosema, linajibu,
linasikia jibu, linalijibu jibu,
hadi malaika ya mikono yasimame
na mbwa wa mlinzi atoke mbio uvunguni mwa lori.
"Lizibe!" anafoka Mwakio. "Tia matambara!"
Nikatia. Soksi mbili, kipande cha godoro,
yale matundu mawili yakameza kila kitu.
Likawa kama mtu mwenye mafua.
Wiki ya pili niliyatoa yote kwa kibanio cha nyusi,
nikajifunza kusimama:
hatua moja kushoto, linanung'unika;
hatua moja nyuma, linatulia;
uligeuze uso kwa amplifaya, litalia, wala hulibembelezi.
Roki, kwangu mimi, ilianza kwa nyayo.

Tena mna kitu kinachakacha humo ndani.
Kipigio, kile kipembetatu cha plastiki.
Cha nani, sijui; nililinunua nacho.
Nimelipindua, nimelitikisa,
nimepenyeza kijiti cha mshikaki chenye gundi nchani.
Hakitoki.
Mtu alikuwa akipiga, kikamponyoka,
akamalizia kwa kidole.

Ijumaa ile, Tudor, ukumbi wa chama,
kiingilio shilingi mia na hamsini,
watu thelathini na mmoja,
tukihesabu wawili walioingia kukwepa mvua.
Wimbo wa tatu, stima zikapotea.

Gitaa la Mwakio likafa papo hapo,
vidole vyake vikaenda mbio juu ya nyuzi
kama mdomo wa mtu nyuma ya kioo.
Lozi kimya. Mkambe fimbo juu.
Mimi sikuacha, kwa kuwa sikujua:
nilikuwa nikitazama miguu yangu.

Langu lilinywea tu, halikufa.
Lilibaki na sauti ya mchele kwenye ungo.
"Shhh!" mtu akasema mbele yangu.
Nikadhani ananiambia mimi.
Alikuwa akiwaambia wengine.

Basi nikapiga. Nikakosea, tena mahali pepesi,
na gizani kosa huwa na mabega mapana.
Nikarudia. Na kule ndani kipigio
chak, chak, chak,
kikaingia kwenye mdundo,
kana kwamba yule mtu amerudi
kuniuliza nimefikia wapi.

Ndipo stima ziliporudi, ghafla,
nami nimeligeuzia uso amplifaya.

Sitaueleza ule mlio.
Watu thelathini waliziba masikio.
Mmoja, wa wale wa mvua, alipiga makofi,
peke yake, taratibu, kama anayeua mbu.

Nilifika nyumbani saa saba, nyuzi zimelowa jasho,
kesho zitakuwa na kutu, chumvi ya mji huu haingoji.
Mama alikuwa macho, hajakiri kuwa ananisubiri.
"Vipi?"
"Lilitika, mama."
Akanisogezea kiti, akafungua sufuria.